Babu Alikwenda Kagera, Tumshukuruje?

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Babu yangu mzaa mama yuko kijijini Tandahimba. Alikwenda vita vya Kagera akiwa mgambo, akarudi 1979, na tangu tupate akili sisi wajukuu hatujamsikia hata siku moja akivisimulia. Mwaka huu tumechanga tumfanyie sherehe tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa: tenti, muziki, keki yenye umbo la bunduki, na fulana za mabaka kwa wajukuu wote 14. Mama alipomdokezea, babu alisema "Achaneni na mambo hayo," akachukua jembe akaenda shamba. Mjomba naye anasema tunachezea hela. Tuendelee kimyakimya ili iwe sapraizi? Na pale kijijini yupo mzee mwingine aliyekwenda Msumbiji, na bibi mmoja mjane wa askari. Tuwashirikishe, au tutaonekana tunajionyesha? Mjukuu, Mtwara mjini.

JIBU: Marahaba mwanangu.

Nianze na fulana, maana hizo zinaweza kuwatia matatani kabla keki haijakatwa. Raia haruhusiwi kuvaa sare za jeshi wala nguo zinazofanana nazo, na mwaka 2023 JWTZ lilitoa tangazo kabisa likiwataka wenye nguo za namna hiyo wazisalimishe. Watu huona ni mzaha mpaka wasimamishwe stendi. Kama mmeshatoa kianzio kwa fundi, mwambieni abadili kitambaa. Wajukuu 14 kwenye kitenge cha aina moja wanapendeza vya kutosha.

Sapraizi naikataa kwa nguvu zaidi, na naikataa kwa sababu niliwahi kuharibu. Miaka hiyo nilikuwa bado nafundisha historia, nikaongoza kamati ya shughuli ya kuwaenzi wazee waliopigana Kagera. Mgeni wetu wa kwanza alikuwa ameketi mbele, sahani ya pilau mapajani, koti limepigwa pasi, kofia ameilaza gotini. Mshereheshaji akalitaja jina lake, na DJ, akidhani anampamba mzee, akaachia ule mlio wa bunduki wanaopenda kuupachika kati ya wimbo na wimbo. Spika mbili kubwa, hatua kama nne kutoka alipoketi. Kabla sijageuka sahani ilikuwa chini. Mzee mwenyewe alikuwa amepiga goti nyuma ya kiti, mkono mmoja umeshika mguu wa kiti, macho yanatazama juu ya vichwa vyetu kule kwenye miembe. Watoto wakacheka. Akainuka, akaokota ule wali punje kwa punje mpaka ukaisha, akaaga kwa adabu zote, akaondoka. Hakunitolea neno baya. Nilikwenda kwake mara tatu nimwombe radhi, na mara zote nilikuta ameshaanzisha mazungumzo ya mvua. Alifariki sijalitamka.

Kwa hiyo mzee wa vita hashtukizwi. Ajue siku, ajue saa, ajue nani anakuja na kitapigwa nini. Kama muziki ni lazima, iteni watu wa sindimba.

Sasa turudi kwa babu yako. Ninyi mmesikia maneno aliyosema. Mimi nimelisikia jembe.

Majeshi ya Idi Amin wa Uganda yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akatoa ile hotuba ya uwezo, sababu na nia, na jeshi likaongezewa makumi ya maelfu ya watu: mgambo, vijana wa JKT, polisi, magereza. Novemba huku kwetu ni nini? Ni korosho. Wazee kadhaa wameniambia jambo hilohilo kwa namna tofauti, kwamba kilichowauma siku ya kupanda lori ni korosho zilizokuwa chini ya miti hazijaokotwa. Kisha ikawa miguu. Masaka ilichukuliwa Februari 1979, Lukaya wakapigana Machi, Kampala ikaanguka tarehe 11 Aprili, na tarehe 3 Juni vita vikaishia kule mpakani mwa Sudan. Sehemu kubwa ya safari hiyo waliitembea, tena masika.

Wakarudi. Kuna tuliyofundisha shuleni kuhusu kurudi kwao, na kuna walichokikuta nyumbani. Taifa liliambiwa lifunge mkanda miezi 18, watu wakashinda kwenye foleni za sabuni na sukari, na mkanda wenyewe ulikaa kiunoni muda mrefu kuliko miezi hiyo. Mikorosho nayo ilikuwa imeshaanza kuponyoka kabla ya vita. Watu walipohamishiwa vijiji vya ujamaa, miti ikabaki kule kwenye mahame, mbali, pori likaimeza. Ukaja ugonjwa wa ubwiriunga ukakausha maua. Nchi iliyokusanya zaidi ya tani 140,000 za korosho msimu wa 1973/74 ilijikuta, miaka ya themanini, ikihangaika kufikisha tani 20,000. Mgambo hakuwa mwajiriwa wa jeshi. Vita vikiisha, anarudishiwa jembe lake. Mtu kama babu yako alitoka kupigana akaja kupigana na pori la mikorosho ya baba yake, na hilo la pili hakuna aliyelipigia gwaride.

Ndiyo maana nikasema nimelisikia jembe. Mmemtajia vita, yeye akaenda kwenye kitu alichokijenga kwa mikono yake baada ya vita. Mfuateni hukohuko.

Julai, kama ulivyokulia, ni mwezi wa kupulizia mikorosho salfa, dawa ya ubwiriunga. Kijana aliyekwenda Kagera na miaka 22 leo amekaribia sabini au ameshaipita, na bomba la kupulizia likijaa si mzigo wa mgongo wa miaka hiyo. Wengi wanalipa vibarua, na asiye na hela ya kibarua anaangalia maua yanavyokauka. Ninyi mko 14. Njooni siku mbili kabla ya hiyo tarehe, mkiwa na salfa mliyoinunua kwa hela ya tenti, na vitambaa vya kufunga puani. Asubuhi mwambie, "Babu, tumekuja kukuamkia, na tumekuja kufanya kazi. Tuanzie wapi?" Mwacheni apange. Yeye ndiye ajuaye mti upi unaanzwa na upepo unatoka wapi, na mtaona mtu aliyewahi kupanga watu anavyopanga watu. Ikiwa bomba ni la mota, mwonyesheni kwanza kabla hamjaliwasha, ule mngurumo usimkute amegeuka.

Kwa Kiswahili chetu neno asante ni jepesi. Tunampa hata anayetupisha kwenye daladala. Deni kubwa halilipwi kwa neno hilo. Linalipwa kwa kwenda kumjulia mtu hali pasipo shida, kwa kumshikia kazi, kwa kumwachia kiti cha kivulini, kwa kungoja yeye afungue dua ndipo mikono iingie sahanini. Wamarekani wana namna yao ya kumwambia askari asante hata njiani, na kwao imekaa vizuri. Ukimfanyia hivyo mzee wa Tandahimba atakuuliza unataka nini. Siku hizi vijana mnasema mpe mtu maua yake. Sawa, mpeni, ila kwa mkoa wetu maua ya maana ni yale yatakayozaa korosho.

Jioni, mkishaoga na salfa imetoka mwilini, ndipo penye nafasi ya maneno. Mimi nimekaa na wazee wa vita wa Mtwara na Lindi zaidi ya miaka ishirini nikiwaandika, na nimejifunza kwamba swali la vita lina mlango wa mbele na mlango wa uani. Wa mbele ni "Ilikuwaje?" Huo umefungwa. Wa uani ni viatu, chakula, mvua, usingizi, nyimbo. "Babu, nasikia mlitembea kutoka Kyaka. Viatu vilihimili?" Mtu atakayekaa kimya ukimuuliza kuhusu mapigano atakueleza nusu saa nzima habari za malengelenge. Kuua usiulize kabisa, na mdogo wenu yeyote mwenye mdomo mwepesi aketi mbali.

Mzee mmoja wa wilaya ya Newala alikuwa na mestini, lile bakuli la jeshi la bati lenye mfuniko. Mkewe alitunzia chumvi. Nilikwenda kwake mara nyingi na tulizungumza ubwiriunga mpaka nikakata tamaa. Siku moja nikaomba chumvi, nikaletewa mestini, nikaona kwenye mfuniko kuna herufi mbili zimechorwa kwa ncha ya msumari, na si herufi za jina lake. Nikamuuliza, "Huyu ni nani?" Akalichukua bakuli, akafuta ukingo wake kwa kidole gumba, akazunguka nao mara mbili. Alikuwa kijana wa Singida. Walibadilishana mestini kwa sababu mestini ya mwenzake ilivuja, na mzee mwenyewe alikuwa hali sana, akaona amwachie nzima. Wakaachana Lukaya. Yule wa Singida alibaki hukohuko na mestini ya mzee. Mzee akasema, "Nimekula kwenye chombo chake miaka yote hii, na kwao sikujui." Tukakaa mpaka taa ikawashwa, na katika hayo yote hakusema hata neno moja juu yake mwenyewe.

Tangu siku hiyo swali langu la kwanza ni hilo: mlikuwa na nani? Mzee anayekataa kusifiwa hakatai kutajiwa wenzake. Wengi wa waliokufa vitani wamezikwa Kaboya, wilayani Muleba, na kutoka Tandahimba mpaka huko ni kuivuka nchi nzima, kwa hiyo si ajabu mzee akafa hajakanyaga. Kama una rafiki Bukoba au Muleba, mwombe apite Kaboya siku moja akupigie picha za makaburi. Umwonyeshe babu polepole, kwenye simu, mkiwa wawili. Ukiniuliza zawadi gani ya mji inafaa kupelekwa kijijini, ni hiyo, na bei yake ni bando.

Akianza kuzungumza, omba ruhusa kabla ya kurekodi, weka simu mezani aione. Andika majina ya watu na ya mahali kama anavyoyatamka, usimsahihishe. Kama amesema walifika Masaka siku fulani na wewe umesoma siku nyingine, nyamaza, tarehe zipo vitabuni. Na msirushe mitandaoni. Amekwambia wewe.

Kama bibi anasema babu huweweseka usiku, au amekuwa mtu wa hasira za ghafla, au anakunywa kupita kiasi (uraka, pombe ya mabibo, huisha na msimu; gongo haina msimu), hapo mazungumzo ya kivulini hayatoshi. Msiseme amerogwa wala ni uzee. Kiwewe cha vita kinaweza kukaa ndani ya mtu miaka arobaini. Mpelekeni hospitali ya rufaa ya mkoa, Ligula kwa Mtwara au Sokoine kwa Lindi, mkaulize huduma ya afya ya akili, na aende na mtu anayemwamini.

Makaratasi, kwa kifupi. Alichonacho chochote, cheti, kitambulisho, nishani, picha, kipigeni picha na kukiweka kwenye mfuko wa nailoni mbali na panya na mvua. Angalieni kama jina limeandikwa sawa kila mahali. Mkitaka kujua lolote kuhusu haki zake au namna ya kushiriki siku ya Mashujaa, mtu wa kumwona ni mshauri wa jeshi la akiba wa wilaya, ambaye wazee bado wanamwita mshauri wa mgambo. Na akipiga simu mtu asiyejulikana akidai kuna malipo ya wapiganaji wa Kagera, ila kwanza itumwe hela ya fomu, kateni. Nimeona mzee akiuza mbuzi kwa ajili ya fomu hiyo.

Umeuliza kuhusu yule mzee wa Msumbiji na yule bibi. Waiteni wote, ila kila mmoja kwa chake. Mzee wa Msumbiji msimtie kwenye kapu la Kagera. Huenda ni wa miaka ya ukombozi, wakati FRELIMO, wapigania uhuru wa Msumbiji, wana kambi Nachingwea na vijiji vya kando ya Ruvuma vinaishi na mabomu ya Wareno. Huenda ni wa miaka ya themanini, askari wetu walipokwenda kuisaidia serikali ya Msumbiji dhidi ya waasi wa Renamo. Askari waliofia huko wana makaburi yao Naliendele, hapo nje tu ya mji unaoishi. Kama hujawahi kufika, nenda kabla hujapanda basi la Tandahimba, ili ukimwamkia mzee huyo uwe na la kumwambia. Wala usidhani mkongwe wa vita lazima awe na mvi. Desemba 2017 wanajeshi wetu wasiopungua 14 waliuawa Semliki, mashariki mwa Kongo, wakilinda amani. Wenzao waliorudi wana miaka thelathini na kitu, wengine ni majirani zako hapo mjini, na wao hata neno "babu" la kuwakinga hawana.

Bibi mjane ndiye nisingetaka mumsahau, na ndiye anayesahaulika. Mume wake ana siku yake na ana mnara. Yeye alibaki na watoto, na shamba, na foleni ya sabuni. Kwa mila zetu za kusini, ambako ukoo unashikwa upande wa mama, mara nyingi kaka yake ndiye aliyemshika mkono. Basi mkienda kwake mtajeni na huyo. Msiende na hotuba. Chukueni kanga, doti nzima, na nusu ya kikosi chenu ikapulizie mikorosho yake siku ya pili. Mwulizeni alimlisha nini mtoto mwaka ule. Nakwambia utarudi na daftari limejaa kuliko la babu. Kuhusu kuonekana mnajionyesha, mtu mwenye salfa mpaka kwenye kope haonekani anajionyesha.

Tarehe 25 yenyewe, kama babu atapenda, mkae naye muangalie shughuli ya kitaifa kwenye runinga. Hapo kwenye mnara wa mashujaa Rais huweka mkuki na ngao, Mkuu wa Majeshi sime, kiongozi wa mabalozi shada la maua, meya upinde na mshale. Kisha huja mwakilishi wa wazee wa Tanzania Legion, chama cha wapiganaji wa zamani, na yeye huweka shoka. Nimeliangalia shoka hilo miaka mingi na bado linanigusa, kwa sababu katika silaha zote za pale ndilo pekee ambalo babu yako analo nyuma ya mlango. Msimwambie mmeona nini. Mwacheni aangalie. Asipotaka runinga, basi, kuna miti haijamalizwa.

Mjomba nendeni kwake kabla ya yote haya, na mwende kwa adabu, kwa kuwa mlimruka. Mwambieni tenti imefutwa, DJ amefutwa, hela imekuwa salfa. Nadhani atawapa na bomba lake. Keki chukueni ya kawaida, ya watoto. Kwa babu mwulizeni bibi jikoni kama ming'oko, vile viazi vya porini, inapatikana, na mfike na chumvi.